Mashimo Tisini na Sita

Sahani ya plastiki, ndogo kama kiganja,
ina mashimo tisini na sita.
Nilipoyahesabu mara ya kwanza nilicheka peke yangu:
ni bao tatu kamili, thelathini na mbili mara tatu,
na mimi, binti wa Konde, nimekuja Chake kusomea
wanachokicheza wanaume wa kwetu kila baada ya alasiri.

Tofauti ni kete.
Wao hutia komwe. Mimi natia tumbili.

Si tumbili mzima. Ni seli tu,
zilitoka katika figo la tumbili mmoja
aliyekufa mama yangu hajavunja ungo,
seli zisizojua kwamba mwenyewe kafa,
zinagawanyika, zinatandika sakafu ya shimo
kama mkeka usiokwisha kusukwa.
Juu ya mkeka namwaga kidingapopo.
Juu ya kidingapopo, maji ya mkomwe.
Kisha nafunga mlango wa joto, nangoja siku tatu.

Mkomwe kauleta Bi Mize Faki, kutoka Kiuyu,
matawi kayafunga kwa ukindu,
miiba imemchora mikono hadi viwikoni.
Hakutaka kiti. Alisimama mbele ya jokofu
akatoa kipimo chake kama alivyokipokea:

    Gao moja, si mawili,
    maji yake ya kisima,
    yachemke mara mbili,
    anywe mwenye kutetema.

"Gao la nani?" nikauliza, kalamu mkononi.
Akaniangalia. "La mkono utoao."
Nikaandika: gramu arubaini na moja, takriban.

Siku ya tatu Shaame akamimina rangi ya zambarau.
Penye seli hai, rangi hushika.
Penye kifo, shimo hubaki jeupe,
kama jicho la samaki aliyekaangwa.
Safu za mwanzo, dawa kali: nyeupe zote.
Kirusi kimekufa, na tumbili naye kafa.
Safu za mwisho, dawa nyepesi: nyeupe zote.
Kirusi kimekula mkeka, kimejifuta mdomo.
Katikati, hakuna kitu.
Wachezaji wa bao wana neno lake: kete imelala.

Nilimpigia simu Bi Mize, sijui nianzie wapi.
Nikamweleza mizani, nikamweleza spiriti iliyokamua majani.
"Spiriti?"
"Ndiyo, bibi. Ndiyo inayotoa..."
"Ulevi, Moza? Dawa yangu umeitia kwenye ulevi,
halafu unashangaa imeua?"
Kimya. Upande wa pili kuku akatetea.
"Mimi nilikwambia maji."

Alikuwa kaniambia. Lilikuwemo daftarini, kwa mwandiko wangu,
na mimi mwenyewe nimelipiga mstari,
maana mwongozo uliotoka mbali
ulisema spiriti, asilimia sabini.

Tukarudia. Maji, tukayachemsha, tukayachuja.
"Ya kisima gani?" aliuliza Shaame, na hakuna aliyejua.
Usiku wa pili umeme ukakatika,
jenereta likakohoa, likakohoa, likashika.
Asubuhi ya tatu zambarau ikabaki
kwenye mashimo ya safu ya tano. Mawili, katika matatu.
Rangi hafifu, kama doa la juisi
kwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi.

Sikupiga vigelegele. Mashimo mawili si dawa.
Mawili ni mgeni aliyegonga mlango mara moja akanyamaza:
huwezi kusema kaja, huwezi kurudi kulala.
Nikaandika: rudia.
Nikaandika tena: rudia, kwa gao la mkono wake,
apime yeye, mbele ya mizani.

Jumatatu akaja, dumu la maji kichwani.
Akakiinua kichupa chetu, akasoma kwa sauti:
"Ka, kumi na saba. Ndiye nani huyu?"
"Ni wewe, bibi."
"Mimi nina jina."

Nikaibandua karatasi. Ilitoka vipandevipande, kwa kucha.
Nikabandika nyingine, nikatumia wino usiofutwa na baridi:
Mize binti Faki. Majani ya mkomwe. Maji.

Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.
"Ya kisima," akasema.
Nikaongeza.